Kwa Nini Watu wa Nyamuga Huyatukana Matete

Kuna watu watakwambia ziwa halitembei. Hao hawajafika Nyamuga. Ziwa letu lina miguu, na mara mbili lilifunga mizigo lituhame. Maziwa ya wenzetu, hata yakiwa makubwa namna gani, hayajawahi kuwa na nyongo ya kiasi hicho.

Wakati huo matete hayakukaa majini. Yaliishi kilimani, pakavu, shina limejaa ndani kama mua, kazi yao kunong'ona na kuwacheka wapita njia. Ufuko ulikuwa wazi. Maji ya vyombo, ya kufulia, ya kuogeshea watoto, yote yaliteremka moja kwa moja ziwani. Mabaya kuliko yote yalikuwa ya Nyabise, fundi wa ngozi, mwanamke aliyelainisha ngozi ya ng'ombe mpaka ukaidhania shuka. Aliionea fahari kazi yake. Harufu hakuisikia tena.

Asubuhi moja akakuta ziwa limerudi nyuma, limeacha tope na samaki wakitapatapa.

"Nahama, nimechoka na maji yenu machafu," likasema. "Mwezi ukiandama mtanitafuta kwa wenzenu."

Nyabise akaona giza. Bila maji hakuna ngozi, na bila ngozi yeye ni nani? Tena kila mtu alijua mtaro mchafu kuliko yote unatoka kwa nani. Akapanda kilimani kutafuta wa kuyanywa maji yale. Mgunga ukakataa. Mkuyu ukajifanya umelala. Tete, mkubwa wa matete, akaangua kicheko.

"Unacheka nini, mrefu wa bure? Umesimama tangu uzaliwe, hata kivuli huna!"

"Na wewe, Nyabise, unanuka hata nzi wanakupisha njia!"

Wakatukanana mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka. Kwetu watu wakitukanana hivyo bila kukasirika, tayari ni watani. Na mtani ndiye anayekufanyia kazi ambayo ndugu zako wanaionea kinyaa. Ndiye anayekuchimbia kaburi. Tete hakuwa na pa kutokea. Akashuka na ukoo wake wote, wakasimama kati ya kijiji na ziwa, wakayanywa yale maji. Yalikuwa makali mno, yakaiyeyusha nyama yao ya ndani. Ndiyo maana tete ni tupu katikati. Lakini yaliyotokea upande wa pili yalikuwa maji ya kumpa mgeni. Ziwa likarudi.

Hapo watu wa Nyamuga wakafanya kosa la watu wenye adabu iliyopita kiasi. Wakapiga marufuku kukata hata jani. Wakamwita Tete Mzee, wakamvisha shanga, wakawa wanapita mbele yake wameinama. Mashina makuukuu yakakauka, yakaanguka, yakarundikana na kuoza. Maji machafu yakajipenyeza pembeni, na ziwa likaanza tena kufunga mizigo.

Nyabise akaenda kupiga magoti. "Mzee wetu, tumekukosea nini?"

"Mzee ni baba yako!" Tete akafoka. "Ndugu zangu wamekufa wamenilalia shingoni, na nyie mnanivisha shanga. Watani gani mnaoshindwa kunizikia?"

Nyabise akarudi na mundu. Akaingia topeni, akafyeka huku akipaza sauti: "Ondoka hapa, mlevi wa maji ya ngozi! Hata kufa hujui, unafia wima!"

Wazee wakashika vichwa. "Nyabise! Unamkata Mzee?"

"Namzikia wafu wake! Nyie endeleeni kuinama. Ziwa likiondoka mtainamia tope."

 Kisha mama mkwe wake, mtu asiyewahi kumtukana hata mbwa, akapandisha vazi lake, akaingia, akamwambia Tete neno lisiloandikika. Kijiji kizima kikafuata. Mwezi ulipoandama, machipukizi yalikuwa yanafika magotini, na ziwa limekaa mahali pake, linajidai.

Na kuanzia msimu ule hadi huu wetu, kila kiangazi tunaingia kufyeka matete yaliyokauka, tunayabeba kwenda kuezekea nyumba, na tunayatukana. Upepo ukivuma yanapiga mluzi. Hayo ni majibu yao, na mengine ni machafu. Bwana harusi mgeni anayeoa kwetu naye huingia kufyeka, na akiyaomba radhi badala ya kuyatukana, anaambiwa aanze upya.

Kwa hiyo ukipita Nyamuga ukawasikia watu wazima wakiyatukana majani, usiulize kama tuna wazimu. Vua kofia, upite polepole. Tuko msibani, na hakuna wanaozika vizuri kama sisi.