Mwatime Aliyeoka Mawe

Paukwa.

Pakawa.

Sogezeni vigogo, moto uzione nyuso zenu.

Tumesogeza.

Nikisema kweli?

Tutasikia.

Nikitia uongo?

Utie kama chumvi, kidogo tu.

Hapo kale, bara kidogo kutoka pwani, palikuwa na mji juu ya kilima cha matumbawe. Bahari ilikuwa imeondoka pale zamani sana, ikayaacha matumbawe yake, nayo yakageuka mawe. Ukilivunja jiwe la kilima kile unaona ndani yake vinyota vidogo vidogo, vimepangana kama mbegu ndani ya tango. Rangi yake ni manjano iliyofifia, kama meno ya mtafuna tumbaku.

Mji ulikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Siku moja akaja Zimwi, akaketi juu ya mdomo wa kisima. Alikuwa mkubwa kama ghala, na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa makaa ya moto, aliyoyaweka kinywani yakiwaka. Kila aliyekuja na ndoo aliambiwa maneno yale yale.

"Nataka mawe ya kilima hiki. Yawe mekundu kama alfajiri. Yasichujuke nikiyalamba. Yang'ae yakiwa makavu. Mkiniletea, naondoka."

Basi watu wakawa wanateka maji kwenye dimbwi la mbali, maji ya chumvichumvi, nalo linapungua. Wakubwa wa mji wakasema, "Dimbwi likikauka, tunahama." Kila nyumba ikaanza kufunga mizigo, isipokuwa nyumba ya Mwatime.

Mwatime alikuwa msichana mfinyanzi. Aliishi na bibi yake, Bi Mwanahawa, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa kazi. Njia ya kuhama ilikuwa ya majabali na mitelemko, mtu hawezi kubebwa akapita. Kuhama kulikuwa ni kumwacha Bibi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa jirani yao, Bi Mashavu. Aliyapaka mawe rangi nyekundu ya mzingifuri, akayasugua kwa mafuta ya ufuta, akayapeleka kisimani pamoja na mbuzi wake, ili amnyweshe pale pale kisima kikifunguliwa.

"Mekundu?" akauliza Zimwi.

"Mekundu."

"Yanang'aa?"

"Si unajionea mwenyewe."

"Hayachujuki?"

Bi Mashavu akavuta kamba ya mbuzi. Zimwi akalamba. Ulimi ukawa mwekundu, jiwe likawa la manjano. Zimwi akamla mbuzi, akamrudishia Bi Mashavu kamba.

Jioni ile Mwatime alikuwa anapika. Macho yake yakatua kwenye mafiga.

"Bibi, mafiga haya yalitoka wapi?"

"Hapo hapo kilimani. Babu yako aliyaleta yakiwa manjano kama mengine."

"Mbona upande wa motoni ni mwekundu?"

Bibi akainama, akatazama. "Nimepikia hapa tangu niolewe, sikuliona hilo. Nilikuwa natazama chungu."

"Na hili lilipasukaje?"

"Uji ulifurika. Jiwe likiwa la moto halitaki kunyweshwa."

Asubuhi Mwatime akapanda kilimani na kikapu na ndimu. Kila jiwe alilikamulia ndimu. Lililotoa povu alilitupa, maana hilo likichomwa huwa chokaa. Lisilotoa povu, gumu, lenye kukwaruza kisu, alilitia kikapuni.

Akayatupa mawe ya kwanza kwenye moto wa makumbi ya nazi. Yakalia pa, pa, pa. Asubuhi akakuta vigae.

Akayafukia mawe ya pili ndani ya chungu cha mchanga mkavu, akawasha moto mdogo, akauongeza kidogo kidogo. Lakini hakupata usingizi. Aliinuka akaugusa mfuniko, akarudi, akainuka tena. Mwishoni akafunua aone. Upepo ukaingia. Pa.

"Unachungulia mawe kama maandazi," akasema Bi Mashavu kutoka ng'ambo ya ua.

Akayafukia mawe ya tatu. Kabla ya kuwasha moto, akampa Bibi mfuniko wa chungu akae nao magotini, ili yeye asipate cha kufunua, na juu ya chungu akaweka gae zito lililopakwa udongo. Hakugusa mpaka moto ulipozimika na chungu kikapoa kama mchanga wa nje. Akatoa jiwe moja. Lilikuwa jekundu, na vinyota vyake vimekuwa vyeupe. Akalilamba. Halikuchujuka.

Lakini lilikuwa halina mng'aro, kama jicho la samaki wa jana.

Mjini palikuwa na Punda aliyezungusha shinikizo la kukamulia mafuta ya ufuta. Mwatime akamwendea na mzinga wa nyuki mtupu, gogo lililochimbwa ndani.

"Punda, nitayatia mawe humu, na mchanga, na maji kidogo. Nitaziba kwa nta. Wewe ukizunguka, uuburute ubingirike nyuma yako."

"Binti, mimi nazunguka tangu nikiwa mdogo na sijafika popote. Sasa nizunguke na mawe?"

"Kisima kikifunguliwa, utakunywa kabla ya watu."

"Kabla ya Bi Mashavu?"

"Kabla yake."

"Funga kamba."

Punda akazunguka na mchanga wa kwanza, ule mnene. Mzinga ukasema garagara, garagara. Kona za mawe zikaisha. Sasa mchanga wa kwanza ulipaswa kuoshwa wote kabla ya kutia wa pili, na kuosha kunataka maji. Dimbwi lilikuwa limebaki la kufika kwenye kifundo cha mguu.

"Sisi tunagawana vikombe," akasema Bi Mashavu, "na mwenzetu anaogesha mawe."

Mwatime akaona haya. Akasuuza mawe haraka haraka kwa maji ya bakuli, mzinga akaupangusa kwa kitambaa tu. Akatia mchanga wa pili, ule laini uliochekechwa. Punda akazunguka kidogo, akasimama.

"Mzinga unasema sha, sha," akasema, "lakini ndani kuna kelele ya jana."

"Wewe zunguka tu."

Punda akazunguka. Mwatime alipofungua, kila jiwe lilikuwa na mikwaruzo. Punje chache za mchanga mnene zilikuwa zimejificha katika ufa wa gogo, na punje chache zilitosha. Mwatime akaketi chini, akayatazama yale mawe, akashindwa kulia.

Bibi akasogeza birika lake kwa fimbo. Yalikuwa maji yake ya kutawadhia.

"Chukua."

"Bibi, na sala?"

"Nitatayamamu. Udongo haujapungua hapa. Osha mzinga, osha mawe, osha na kucha zako. Ukimaliza, osha tena."

Mwatime akaosha. Akauchokonoa ule ufa kwa mwiba, akauziba kwa nta. Akarudia mchanga wa pili tangu mwanzo. Kila siku Bibi akatayamamu, na kila siku birika likaenda kwenye mzinga. Kisha ukaja mchanga wa tatu, ambao haukuwa mchanga bali vumbi la udongo wa ufinyanzi lililochekechwa kwa kitambaa chepesi cha shashi. Punda akatega sikio.

"Sasa mzinga unanong'ona," akasema.

Siku dimbwi lilipogeuka tope, watu walitoka na mizigo vichwani. Mwatime akawapita na kikapu cha mawe, akaenda kisimani.

"Mekundu?"

"Mekundu."

"Hayachujuki?"

"Lamba."

Zimwi akalamba, akalamba tena. Ulimi haukubadilika, wala jiwe.

"Yanang'aa yakiwa makavu?"

Mwatime akayakausha kwa ncha ya leso, akayanyanyua juani. Wenye mizigo wakayaona kutoka mbali, wakasimama.

"Mazuri," akasema Zimwi. "Lakini nayataka mekundu zaidi. Kama makaa. Hapo ndipo nitaondoka."

"Hukusema makaa. Ulisema alfajiri."

"Sasa nasema makaa. Moto ninao mimi." Akayatupia yote kinywani, mle mlimokaa makaa.

"Usiyapashe ghafla," akasema Mwatime. "Na yakishapata moto, usiyanyweshe maji. Yatapasuka. Nimekwambia mbele ya watu."

"Mtoto wa vyungu hanifundishi moto." Zimwi akafumba kinywa, akavuta pumzi, mashavu yakawaka. Mawe yakashika moto mpaka yakamchoma hata yeye. Akainamisha kichwa kisimani, akapiga funda la maji baridi.

Pa, pa, pa.

Meno yakatoka kama mahindi yanayopukuchuliwa. Zimwi akashika taya, akateremka kilima bila kuaga, na mpaka leo hajui kusema "alfajiri". Anasema "alwajiri".

Mizigo ikashushwa pale pale njiani. Punda akanywa kwanza. Bi Mashavu akasubiri na ndoo yake, akisema kwamba yeye tangu mwanzo alijua. Ndoo ya pili ilikuwa ya Bibi. Hakuinywa. Akatawadha, akausikiliza mlio wa maji yakidondoka.

Funzo lake ni hili: moto hutoa rangi kwa anayesubiri, na mng'aro huja kwa anayeosha mzinga hata pale maji yanapokuwa haba.

Mimi nami nilikuwapo. Niliokota kipande kimoja kando ya kisima, nikakitia mfukoni, mfuko ukatoboka. Asiyeniamini na autazame mfuko.

Hadithi yangu imepoa. Sasa mnaweza kuifunua.