Hesabu Sauti, Usihesabu Vidole

"Hesabu sauti, usihesabu vidole." Mlimsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, mlipotaka kupika chakula cha waliomo ndani tu, nanyi mkacheka. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Ngamiani, katika kikundi cha taarabu.

Mpiga kinanda wao alikuwa Hiza, kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kinanda cha zamani kilipokufa, alitumwa kwa Shemhilu, fundi aliyeunda vinanda vya umeme kwa mkono wake. Ndani ya vinanda hivyo kila sauti inayolia ilihitaji kibao chake kidogo cha nyaya. Ukinunua vibao vinne, sauti nne hulia kwa pamoja. Ukiita ya tano, iliyotangulia zote hukatwa ili kuipisha.

"Wataka sauti ngapi?" fundi aliuliza.

"Nne. Mimi hupiga kwa vidole vinne. Ya tano imlilie nani?"

"Lakini wewe wapenda kuiacha sauti nzito ivume hata ukiinua kidole, bwana. Afadhali nane."

"Nane ni za kujionyesha, fundi. Pesa itakayobaki tutashonea sare."

Basi sare zikashonwa, na zilipendeza kweli.

Mwimbaji wao alikuwa Bi Mwanatumu. Umri ulikuwa umekwenda na masikio yalianza kumsaliti, ila hakumwambia mtu, akichelea kuambiwa apumzike. Alichosikia vizuri ni sauti nzito ya kufungulia wimbo. Hiza huibonyeza, huinua kidole, nayo huendelea kuvuma chini ya nyingine. Bibi huishika hiyo, akaimba juu yake. Maskini, bila hiyo hakuwa na pa kukanyaga.

Kinanda kipya kilichukuliwa asubuhi ya harusi ya mjukuu wa bibi huyo, bila hata mazoezi. Hiza akabonyeza sauti nzito, akainua kidole, kisha akashusha vidole vinne kwa mpigo. Ile nzito ikakatika pale pale. Bi Mwanatumu alikwisha fungua kinywa. Sauti ikamtoka kombo, akaitafuta juu, akaitafuta chini, wageni wakaanza kutazamana. Aliweka kipaza sauti kwenye kiti, akaenda kukaa jikoni na wapishi.

Hiza akamfuata. "Nimepiga vilevile kama siku zote, mama."

"Ile sauti ya chini umeipeleka wapi?"

"Si nilishainua kidole?"

"Wewe umeinua kidole. Mimi nilikuwa bado nimeishika." Kisha akasema kwa unyonge, "Mwanangu, ndiyo pekee ninayoisikia."

Aibu ilimshika Hiza, na sare mpya mwilini ikamzidishia.

Wenzake walipoelezwa, sare ziliuzwa kwa kikundi kingine, na Shemhilu akaongeza vibao vinne. Hiza alikibeba kinanda mpaka sebuleni kwa Bi Mwanatumu.

"Mimi siimbi tena," bibi alisema kutoka jikoni.

Hiza hakumbembeleza. Akabonyeza sauti nzito, akainua kidole, akashusha vinne, akavihamisha, akavihamisha tena. Ile nzito iliendelea kuvuma chini ya zile nyingine. Bibi akatokea mlangoni, mwiko mkononi, akafumba macho na kusikiliza. Kisha, bila kuombwa, akaanza ubeti wa kwanza, na hakupotea hata mara moja.

Ndiyo maana mtu akipanga mambo kwa kuwatazama walio mbele yake tu, sisi humwambia: aliyeondoka huenda bado yumo hesabuni, na yupo anayemshikilia. Hesabu sauti, usihesabu vidole.