Nani Ampe Jina Mtoto wa Vuai?

Sogeeni, sogeeni, na wewe uliye mlangoni ingia ndani kabisa, maana hadithi hii si ya sungura wala fisi. Ni ya watu watatu wa mji wa Mtondooni. Wa kwanza ni Bi Tatu, mwosha maiti, aliyewaosha wanawake wote wa mji waliotangulia. Wa pili ni Tabibu Sherali, aliyesomea vidonda na mifupa huko Bombei. Wa tatu ni Mbarawa mchinjaji, ambaye kisu chake hakikuwahi kumtesa mnyama. Kila mmoja alikuwa bingwa katika lake, na alijijua. Lakini ninayetaka mumtazame ni Mwanashehe, kwa sababu kichwa kinachouma katika hadithi hii ni chake.

Enzi za mabibi zetu, Mtondooni iliingiwa na muuaji. Wanawake watatu walikutwa vichochoroni alfajiri, mmoja baada ya mwingine, wamekatwa koo na kupasuliwa tumbo. Hakuna aliyeibiwa hata kipini cha pua. Mji ukakosa raha. Waliokuwa wakisalimiana kwa kupeana mikono wakaanza kutazamana mikono. Kila mtu akawa na mshukiwa wake: mara baharia, mara mgeni wa juzi, mara yule kichaa wa sokoni. Midomo nayo haikuchoka.

Liwali akamwita Tabibu Sherali autazame mwili wa tatu. Tabibu akasema, "Huu ni mkono unaokijua kisu. Na mama huyu amekufa sasa hivi tu, alfajiri."

Basi nani anakijua kisu, na nani huwa njiani alfajiri? Wachinjaji. Mji ulikuwa nao wawili, Mbarawa na Vuai, na Vuai akakutwa na damu kwenye shuka aliyojifunga. Mchinjaji kuwa na damu ni ajabu gani? Lakini watu wakishaogopa hawaulizi. Vuai akatiwa ndani, kamba ikatafutwa.

Mwanashehe ndiye mkewe. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, akajitanda mtandio akaenda kugonga milango.

Akaanza kwa Bi Tatu. "Mwanangu," bibi yule akamwambia, "unajua unachoniomba? Ninayoyaona wakati wa kuosha hubaki pale pale. Mwosha asiyemsitiri maiti haitwi tena."

"Najua, bibi. Lakini wote watatu wamepita mikononi mwako."

Bi Tatu alilia kwanza. Kisha akaenda kwa liwali akasema mbele ya watu: majeraha yote yalianzia upande wa kulia wa maiti yakaishia kushoto. Aliyekata alitumia mkono wa kushoto, na Vuai ni mtu wa mkono wa kulia. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena kuosha.

Mwanashehe akaenda kwa tabibu. Huko hakuomba, aliuliza. "Tabibu, ulipomtazama yule mama, ulimshika miguu?"

Tabibu Sherali akainuka akachukua kofia yake. Kumbe alishika, na neno lilikuwa likimkaba tangu siku ile, ila aibu ni mzigo. Akaenda barazani kwa liwali akasema, "Nilikosea. Mwili ulikuwa umekakamaa kuanzia taya mpaka vidole vya miguu. Haukakamai hivyo kwa saa moja. Mama yule alikufa mapema, baada ya isha." Na baada ya isha Vuai alikuwa matangani akisoma hitima na mtaa mzima, mpaka usiku mkubwa. Watu wakamzomea tabibu. Wagonjwa wake wakahamia kwa waganga wengine.

Mlango wa mwisho ulikuwa mgumu. Mbarawa na Vuai hawakuwa wakisalimiana, waligombana zamani kwa ajili ya ngozi za ng'ombe. Vuai akinyongwa, mji wote ungenunua nyama kwa Mbarawa. Mwanashehe aliishia kizingitini.

"Keti, shemeji," Mbarawa akamwambia. "Simpendi mumeo, lakini maiti ya tatu niliibeba mimi. Koo lilikatwa, kisu kikanyanyuliwa, likakatwa tena. Sisi tunachinja bila kunyanyua kisu, tukinyanyua nyama hailiwi. Mkono uliolelewa hivyo haujui kurudia." Akaenda akayasema hayo hayo kwa liwali, kwa faida ya adui yake.

Liwali akashusha pumzi. "Figa moja haliinjiki chungu," akasema. "Mawili nayo yangekimwaga. Sasa ninayo matatu. Mfungueni."

Mtondooni ilikuwa na ada yake, mila ya tangu zamani. Aliyekutoa kwenye kamba ndiye anayempa jina mtoto wako atakayefuata kuzaliwa. Mtoto huyo huwa wake pia, ndiye atakayemuuguza uzeeni na kumzika. Lakini ada hiyo ina upande wa pili: mpa jina ndiye mdhamini wako. Ukija kufanya ovu, anaulizwa yeye.

Mwanashehe akajifungua msichana, na watatu wale wakaanza kuvutana. Bi Tatu hakuwa na mtoto. "Nimewaosha wenu wote. Mimi nani ataniosha?" Tabibu alikuwa mgeni asiye na ndugu, alitaka jina la binti yake aliyefia ng'ambo libaki katika mji huu. Mbarawa alitaka jina la mama yake, na, ingawa hakulitamka, alitaka ugomvi uishe. Mwanashehe aliwapenda wote. Akasema ataamua siku ya akika, mtoto atakapochinjiwa mbuzi na kupewa jina.

Siku ya akika ikafika. Vuai alitoka mapema kumfuata mbuzi aliyeagizwa. Watu wakajaa uani, wembe wa kumnyoa mtoto ukawa tayari. Hapo ndipo mbio zikasikika nje: mwanamke wa nne amekutwa nyuma ya msikiti, koo na tumbo vile vile.

Atakayemwosha ni mwosha mpya, si Bi Tatu, naye atafunga mdomo kama inavyompasa.

Ghafla jina likawa mzigo. "Mpeni tabibu," akasema Bi Tatu. "Mimi nilitaja mkono tu, na mikono hubadilishwa."

"Miili hukakamaa upesi siku za joto," akasema tabibu, macho chini. "Mpeni Mbarawa."

"Mchinjaji akitaka kujificha anaweza kunyanyua kisu," akasema Mbarawa. "Mpeni bibi, yeye ndiye aliyeanza."

Vuai alikuwa amesharudi, amesimama na mbuzi, kisu mkononi. "Jina ni nani?" akauliza. "Siwezi kuchinja akika bila kulitaja." Mwanashehe akajikuta anautazama ule mkono. Ulikuwa wa kulia, kama siku zote. Akajichukia kwa kuutazama, na bado hakuweza kuacha. Mtoto akaanza kulia.

Mimi nimefika hapo, na zaidi ya hapo sikuambiwa. Walimwokoa mtu kwa pamoja, na hakuna aliyefanya zaidi ya mwenzake. Haya, wewe uliyesogea, na wewe unayetazama chini, semeni: jina alitoe nani? Na mkiona asilitoe yeyote, basi mwambieni Mwanashehe leo alale wapi na mtoto wake.