Dada Aliyeshuka Kwenye Kipanga

Ndugu zangu, leo tumwache mpanzi apumzike, na kondoo nao tuwaache malishoni. Vijana wetu wana michezo yao ya mtandaoni, na sisi watu wazima huwa tunapita pembeni tukiguna. Leo tuingie humo humo, tuone kama humo hakuna neno letu.

Kulikuwa na dada mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha chai upande wa Njombe. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa majani kabla hayajafungwa, na hakuwa mtu wa kukisia. Majani yakizidi unyevu kidogo tu, aliyarudisha, hata kama msimamizi amesimama hapo amenuna. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi seremala wa Mafinga. Mama yao alipofariki, kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, na simu zikawa za Krismasi na za misiba. Ndipo yule mdogo akamwambia, "Dada, ingia kwenye huu mchezo. Angalau kila Jumamosi alasiri tutasikilizana."

Mchezo wenyewe ni wa mbio za vyombo vya anga. Kila mtu yuko kwake na kompyuta yake, hedifoni masikioni, lakini wote wanakutana katika anga moja, wanakimbizana kati ya nyota na mawe yanayoelea. Wanashindana wawili wawili, kwa sharti moja tu: saa ya timu haisimami anapofika wa kwanza. Inasimama anapofika wa pili.

Wakajiandikisha kwa jina la Wana wa Sekalinga, ndiye mama yao. Mama huyo alizikwa siku ya mvua kubwa, barabara imekatika, watu wachache wakafika. Dada hakulisahau hilo. Alitaka jina la mama likae juu ya ubao wa timu nane za fainali, lisomwe na watu wasiomjua. Kufika huko kulikuwa na mizunguko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kupimana. Wa pili ndio wa kuchuja.

Basi dada akaanza kuchagua chombo. Alivijaribu vyote kumi na vinne vilivyokuwamo mchezoni, wiki mbili nzima, kila kimoja akakiandika kwenye daftari: mwendo wake wa juu, sekunde za kuufikia, upana wa kona yake. Akavirudia vitatu. Akabaki na kimoja, Kipanga. Chombo chembamba, kikali, ukigusa kitufe kimeshaondoka. Mdogo wake aliendesha Kiboko. Hakuna mwingine aliyekuwa anashindana kwa Kiboko! Lakini yule fundi, mashine ya randa ilishamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Kipanga kinataka vidole vyepesi. Kiboko ni mzito, ukimkosea anakupa nafasi ya kujirekebisha.

Mzunguko wa kwanza ukafika. Dada aliruka kama jiwe la kombeo. Kati ya vyombo sitini akavuka wa tatu. Akashusha mikono, akapumua, akatazama juu ya kioo. Saa ilikuwa inakimbia.

"Uko wapi?" akauliza.

"Handakini, kwenye mawe."

"Bado handakini? Unafanya nini huko, bwana mdogo, unaranda mbao?"

"Najigonga, dada."

Alijigonga mara nne. Wakawa wa ishirini na sita. Dada akafungua daftari lake na kuanza kumsomea makosa yake, la kwanza mpaka la nne.

"Tafuta mwenzako mwenye vidole kumi," mdogo akasema. "Wapo wengi humu. Mimi nitakuwa nawatazama."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ila nikuulize kitu kimoja. Hilo daftari lina vyombo kumi na vinne. Mwendo wa Kiboko wangu ni kiasi gani kwenye ile kona ya tatu ya handaki, nikiwa mimi ndiye naendesha?"

Dada akafunua kurasa, mbele na nyuma. Kiboko aliandikwa mistari miwili, akakatwa kwa kalamu nyekundu. Mdogo wake hakuandikwa popote.

"Kule ndani ni giza," mdogo akaendelea. "Nilikuwa nafuata taa zako za nyuma. Ulipokata kona, nikabaki na giza langu."

Jamani, mwaonaje? Mtu aliyepima kila kitu, asiyekubali jani lizidi unyevu, alikuwa amesahau kumpima nani? Yule mmoja ambaye saa ilikuwa inamsubiri. Na sasa asingeyakosa mashindano peke yake. Angemkosa na ndugu, maana nje ya ile Jumamosi alasiri hawakuwa na mahali pengine pa kusikilizana.

Dada hakuomba radhi. Hakuwa mzoefu wa maneno hayo. Kesho yake alfajiri, kabla ya zamu, alifungua kompyuta akakiweka Kipanga pembeni, akapanda Kiboko. Alijigonga, akarudia. Siku sita, kila alfajiri. Ijumaa akapiga simu Mafinga.

"Kesho tunakwenda na Kiboko wawili. Nitakaa mbele yako nikuwashie taa mwanzo mpaka mwisho."

"Dada, unashuka kwenye Kipanga? Watatucheka."

"Wacheke. Kicheko hakiandikwi ubaoni."

Na kweli walichekwa. Walipojipanga tu, sauti zikajaa masikioni. "Wana wa Sekalinga, mmekuja kukimbia au kulima?" Mwingine akadakia, "Watafutieni bwawa hao!" Dada akauma meno. Mbio zikaanza.

Waliingia handakini wakiwa wa kumi na tisa. Dada mbele, taa zake zinawaka, mdogo nyuma, hagusi jiwe hata moja. Vyombo vyepesi vilikuwa vinapasuka kulia na kushoto, wenzao wamewaacha gizani. Wakawapita wa kumi na tano, wa kumi na mbili, wa kumi. Na dada moyoni akaanza kujisikia vizuri. Mnaijua hali hiyo? Ile ya mtu aliyejishusha, na anajitazama alivyojishusha? Akajisemea, *Mimi ndiye ninayembeba.*

Kona ya tatu ikafika. Mikono yake ikakumbuka Kipanga. Akaikata kona.

Kiboko hakatwi kona, ndugu zangu. Alilivaa jiwe, akazunguka mara mbili, taa zikazimika mbele na nyuma. Mdogo akampita.

"Sioni kitu!" dada akapiga kelele. "Taa zimekwenda!"

"Zangu je, unaziona?"

Dada akazitafuta gizani. "Naziona."

"Basi nifuate. Huyu mnyama anageuka kwa kuchelewa, dada, unaanza kumgeuza kabla hujaona haja. Kushoto, sasa. Muache. Muache azunguke mwenyewe... Umeona?"

"Umejuaje yote haya?"

"Miaka miwili nakaa naye. Hukuwahi kuniuliza. Kulia, sasa!"

Wakatoka handakini. Mdogo akavuka mstari kwanza. Saa haikusimama. Ilikuwa inamsubiri dada, na yule fundi wa vidole vinane alikuwa ng'ambo ya mstari anaita, "Njoo, dada, njoo, usikate, njoo tu!" Dada akavuka. Saa ikasimama. Wana wa Sekalinga, wa nane.

Sasa sisi. Ni nani siku ile alimsubiri mwenzake?

Sisi tukiamua kumshukia mtu, tunashuka na taa mkononi. Tunakwenda kwa mjane, kwa mlevi, kwa yule ndugu aliyeshindwa shule, na tayari tumeshagawa nafasi: mimi wa kuonyesha njia, yeye wa kuonyeshwa. Ni vema kushuka. Asiyeshuka hafiki popote, maana Mungu hakutuandikisha mmoja mmoja. Lakini tukishashuka tutakuta huko chini kuna mtu amekaa miaka na uzito ambao sisi tumeubeba siku sita tu. Mjane anajua kusali usiku ambao wewe ungekufuru. Yule ndugu anajua kuvumilia kudharauliwa, na wewe neno moja tu linakuangusha.

Kila mmoja wetu humu ana mtu aliyemkata kwa kalamu nyekundu. Unamjua, jina lake limeshakujia. Wiki hii mwendee. Usibebe msaada wowote. Keti, mwulize hapo alipo yeye anapitaje. Na akianza kukueleza, nyamaza umfuate.