Ng'ombe wa Pili wa Chama cha Kuzikana

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, bando la simu limekwisha kupanda bei, wazee wa Kibaoni walikuwa na chama cha kuzikana. Mwanachama akifa, anachinjiwa ng'ombe mmoja. Aliyewahi kukiokoa chama anachinjiwa wawili. Kwa ng'ombe wa pili, watu wa Kibaoni wako radhi kufa.

Fedha za chama hazikukaa benki. Wazee walishauriwa kisasa, wakanunua hisa za Chapakazi, kampuni inayounda kompyuta pale pale mjini. Tangu siku hiyo wakaacha kuulizana habari za mvua, wakaulizana habari za faida ya robo mwaka. Wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na kompyuta.

Taarifa ya robo ya tatu ikawa itoke Alhamisi. Mwenyekiti, Bibi Atuganile, mgonjwa wa kifua, akawaita wenzake kitandani pake.

"Wanangu, hisa zikituangukia mtanizika kwa maharage. Tuuze au tushike?"

Mwalimu Ngwatu, mstaafu wa hesabu aliyefundisha nusu ya chama, akasimama na kalamu yake nyekundu. "Faida itapanda. Lakini wanunuzi wa hisa wanatarajia ipande zaidi. Ijumaa bei itaanguka. Tuuze."

Bi Sikitu, mama lishe wa getini kwa Chapakazi, alijua jambo. Wiki hiyo wapakiaji walikuwa wakila sahani mbili mbili, na malori yalikuwa hayaishi kutoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mzigo unatoka. Tushike."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Sikitu, darasa la nne ulipata ngapi kwenye hesabu?"

Watu wakacheka. Kura ikapigwa: tuuze. Mikono yote juu, na wa Sikitu ukiwemo, kwa kuwa mwalimu hapingwi, hata kama una wajukuu.

Katibu, Mzee Kasembe, ndiye mwenye simu ya kuuzia. Akabonyeza namba ya siri, siyo. Akabonyeza mwaka aliozaliwa; siyo. Akabonyeza mwaka aliooa. Mkewe akachungulia, akasema hata kuoa kwenyewe hakukuwa mwaka huo. Akaunti ikafungwa siku thelathini.

Alhamisi, Chapakazi ikatangaza faida kubwa kuliko zote. Ijumaa, bei ikaanguka. Msiniulize kwa nini. Ndivyo wafanyavyo wenye akili. Mwalimu akashangiliwa. Kasembe akanyimwa hata salamu.

Lakini malori hayakuacha kutoka. Wiki ya pili bei ikanyanyuka, ya tatu ikapita ilipokuwa, na akaunti ilipofunguka bei ilikuwa maradufu. Wakauza. Chama kikapona, ugomvi ukaanza.

"Ng'ombe ni wangu," akasema Mwalimu. "Nilisema Ijumaa itaanguka, ikaanguka. Nani mwingine alitaja siku?"

"Ng'ombe ni wangu," akasema Sikitu. "Mzigo niliuona mimi."

"Na mkono ulioinua je?"

"Ulinifanya nichekwe mbele za watu, Mwalimu, na mimi mtu mzima. Nilifika nyumbani nikalia."

"Ng'ombe ni wangu," akasema Kasembe. "Ninyi nyote mlikwisha kupiga kura tuuze. Aliyewazuia ni mimi."

"Ulisahau!" wakasema wale wawili.

"Nilisahau, na nimekula mwezi mzima wa kununiwa kwa kusahau huko. Aliyekumbuka angewaokoa?"

Bibi Atuganile akapiga kofi ukingo wa kitanda. "Amueni! Mimi sifi mpaka nimjue mwenye ng'ombe." Na kweli, tangu ugomvi uanze, kifua kimepoa.

Hadithi imefika mikononi mwenu. Mmoja alisoma sawasawa, mmoja aliona akanyamazishwa, mmoja alisahau. Kateni shauri, tena upesi, maana wazee wamekwisha kuzirudisha fedha zote Chapakazi, na taarifa ya robo nyingine inatoka Alhamisi. Je, nani achinjiwe ng'ombe wa pili?