Kwa Nini Bi Go Akiitwa kwa Habari za Jana Huvaa Went

Zamani sana, jana na leo zilipokuwa bado zinalala kitanda kimoja, vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na vazi moja tu. Kitenzi kiliitwa kwa jambo la asubuhi hii, kikaitwa kwa jambo la mwaka juzi, na mara zote kikatokea na vazi lilelile. Ilikuwa vurugu tupu! Mtu akitaja kula, jirani hakujua kama anakaribishwa mezani au vyombo vimekwisha kuoshwa.

Sultani Wakati, aliyevitawala vitenzi vyote, akachoshwa na malalamiko. Akatoa amri kwamba kila kitenzi kishonewe vazi la jana na kije nalo kwenye gwaride mwezi utakapoandama. Kisicho nalo kingefukuzwa mjini, kisiitwe tena na kinywa cha mtu yeyote. Kwa kitenzi, hicho ndicho kifo.

Mshonaji alikuwa mmoja, Fundi Ed, mzee mwenye mkono mwepesi lakini asiye na ubunifu hata chembe. Alichukua vazi la kila siku la mteja, akaliongezea pindo nyuma, akasema, "Haya, mwingine!" Bwana Walk, kitenzi cha kutembea, akatoka akiwa Walked. Bi Wash, wa kuosha, akatoka akiwa Washed. Wakapita barabarani wakijigeuza kulitazama pindo, wakiringa kama maharusi.

Bi Go, kitenzi cha kwenda, alipanga foleni kama wenzake. Lakini nani angemwacha atulie? Akikaribia mlango wa fundi, watoto wanakwenda shule, anaitwa. Akianza tena kutoka mkiani, mtu anakwenda sokoni, anaitwa. Hata walevi wakienda nyumbani walimwita, tena kwa makelele. Siku ya kuamkia gwaride fundi akafunga duka, na Bi Go akaketi kizingitini pake akilia. Hakulilia nguo. Aliwalilia watu wake, ambao alikuwa amewapeleka kila mahali, na kesho wangemsahau.

Jirani yake, Bi Wend, akamsikia. Huyu alikuwa kitenzi cha mwendo wa taratibu, wa kupindapinda njiani, na watu hawakumwita sana.

"Shoga, unalia nini na mimi nipo?" akasema, akitoa vazi sandukuni. "Chukua. Linaitwa Went. Nimelifuma kwa mikono yangu."

"Na wewe utavaa nini, dada?"

"Mimi nani ananisumbua? Kesho alfajiri nitakuwa wa kwanza kwa Fundi Ed. Nafasi ninayo tele."

Kulipokucha Bi Go akaingia uwanjani na Went yake. Waziri, mtu wa kupenda kila kitu kinyooke, akamzuia.

"Walk na Walked, ndugu wa tumbo moja. Wewe na hilo mnafanana wapi?"

"Kaazima huyo!" Bwana Walk akaangua kicheko.

"Nimeazimwa na sioni haya," akajibu Bi Go. Waziri akamtoa nje ya lango.

Sultani alipofika akauliza, "Bi Go yuko wapi?"

Waziri akafungua kinywa aseme kwamba amekwenda. Neno halikuja. Akajaribu tena, jasho likimtoka, midomo ikicheza bure. Wakati huohuo watu wa mjini wakawa wanapiga kelele langoni, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake mumewe amekwenda wapi.

"Niite mimi," Bwana Walk akajitolea.

Waziri akamwita. Ikawa meli ilitembea kwa miguu hadi visiwani, na maziwa, ambayo kwa Kiingereza nayo huambiwa "yamekwenda" yakiharibika, yalitembea kwa miguu hadi yakaharibika. Sultani akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyanyuka.

"Fungua lango!"

Bi Go akaingia, kichwa juu, Went ikimpepea mwilini, na uwanja mzima ukaelewa mara moja nani alikwenda wapi. Vigelegele vikapaa! Bi Wend, aliyekwisha kushonewa pindo lake alfajiri, alipiga vyake mpaka sauti ikamkauka.

"Anayeitwa kuliko wote hana muda wa foleni," akasema Sultani. "Mwacheni avae apendavyo."

Kusikia hivyo, wachapakazi wengine waliokuwa wamejificha nyuma ya ukuta kwa kukosa pindo wakajitokeza. Bi Eat, wa kula, akaja na Ate, Bwana See, wa kuona, na Saw, na Mzee Be, kitenzi cha kuwa, anayeitwa hata akiwa amelala, akaja na mavazi mawili, Was na Were, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na tangu siku hiyo, vitenzi vingi vya Kiingereza huvaa pindo la Fundi Ed, lakini vile vinavyofanya kazi kuliko vyote huvaa vya kwao. Ndiyo maana mwanafunzi akiandika goed, Bi Go hamkasirikii. Anajua mtoto huyo anamtafutia zamu yake kwa fundi, ingawa zamu hiyo ilipita zamani. Humpapasa kichwa, akajifunga Went yake, akatoka mbio kuitika.