Mkunga Aliyekataa Kupiga Magoti

Nimeletewa kisa hiki leo, nami sikuona sababu ya kukaa nacho peke yangu.

Mfalme mmoja aliwakopesha vijana fedha za hazina wakasome, akawaahidi kazi watakaporudi. Mmoja wao, Mkunde, alisomea ukunga. Aliporudi, kazi haikuwepo. Akaenda kuzalisha akina mama wa vijiji vya milimani, akilipwa ndizi na maharage. Deni likabaki palepale, riba ikazidi kupanda.

Mwishowe askari walimfikisha barazani.

"Nimeamua kukusamehe," Mfalme alisema. "Piga magoti, ushukuru mbele ya watu, uende zako."

Mkunde akabaki amesimama.

"Anayesamehewa ni mkosaji, Mtukufu. Mimi nimekosa nini? Kusoma ulichoniambia nisome, au kungoja kazi uliyoniahidi?"

Mtunza hazina akainuka. "Huyu anaidharau kodi ya wananchi. Alipe, la sivyo afungwe."

"Basi nifungwe nikiwa nimesimama," Mkunde akajibu.

Akafungwa.

Habari zikapanda milimani. Haukupita muda, mkulima aitwaye Mrutu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alishuka mbio hadi barazani, uso ameukunja. Mtunza hazina akafurahi kumwona ana hasira.

"Mweleze Mfalme," akamwambia. "Kodi ya jasho lako ilipie masomo ya mtu mwingine, hiyo ni haki?"

"Nimekasirika kweli," Mrutu akasema. "Nililipa kodi, ikamsomesha mkunga. Mkunga huyo akamzalisha mke wa mwanangu, mama na mtoto wakapona. Leo binti yangu ana uchungu tangu alfajiri, na mkunga niliyemlipia mmemfungia ndani. Sasa kodi yangu nani kaitia hasara? Yeye, au nyinyi?"

Mfalme aliwageukia askari.

"Mfungulieni," Mfalme akasema. "Na deni lifutwe, lake na la wenzake wanaotumikia watu."

"Bila hata kushukuru?" mtunza hazina akanung'unika.

Mkunde hakumsikia. Alikuwa ameshashika njia ya mlimani, anakimbia, Mrutu nyuma yake. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama.

Funzo: Kodi iliyomsomesha mtu haipotei deni lake likifutwa, hupotea anapozuiwa kuwatumikia waliomsomesha.